Mary Whitehouse: Mwalimu Aliyehesabu Matusi ya Runinga

Utangulizi

Tusi halikai katika neno peke yake. Hukaa pia katika kinywa cha anayelitamka, katika sikio la anayelisikia na katika saa linapotamkwa. Neno ambalo baharia hulitoa bila haya miongoni mwa wenzake melini, baharia huyohuyo hulimeza akiwa ukweni. Jamii nyingi, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki, zilijiwekea miiko ya namna hii na kuidumisha kwa vizazi. Runinga ilipoingia sebuleni, miiko hiyo ilitikisika. Chombo hiki kiliwaketisha pamoja baba, mkwe, mtoto na mgeni, kisha kikawasikilizisha lugha ya bandarini na ya kilabuni kabla hata chakula cha jioni hakijaondolewa mezani.

Makala haya yanasimulia maisha ya Mary Whitehouse, mwalimu wa Kiingereza aliyetumia miaka 30 kupigana na lugha chafu na picha za aibu katika runinga ya nchi yake. Wako waliomwona kuwa mlinzi wa malezi, na wako waliomwona kuwa adui wa sanaa na uhuru. Dhamira yetu si kumtukuza wala kumkebehi. Tunakusudia kuonyesha kuwa alishindwa katika vita vya maneno lakini akafaulu katika vita vya saa. Na kwamba mazoea yake ya kuhesabu maneno yalimziba macho asione mambo mawili mazito. Mwanafunzi wa isimujamii na wa fasihi ana la kujifunza katika ushindi huo na katika upofu huo.

Asili na Malezi

Mary Whitehouse alizaliwa tarehe 13 Juni 1910 mjini Nuneaton, katika jimbo la Warwickshire, Uingereza. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Constance Mary Hutcheson. Alisomea Chester, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mjini Crewe alikobobea katika ufundishaji wa sanaa ya uchoraji. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani wapinzani wake walizoea kumsawiri kama mtu asiyejua chochote kuhusu sanaa. Kuanzia mwaka wa 1932 alifundisha katika eneo la Wednesfield, katikati mwa Uingereza.

Katika miaka ya 1930 alijiunga na vuguvugu la Kikristo lililojulikana kama Oxford Group, ambalo baadaye liliitwa Moral Re-Armament. Wafuasi wake waliamini kuwa jamii haitabadilika pasipo kila mtu kubadilika moyoni, na kuwa ukweli, usafi na upendo havina nusu. Humo ndimo alimokutana na Ernest Whitehouse, wakaoana mwaka wa 1940. Walijaliwa wana watano, wawili kati yao wakafariki wakiwa wachanga. Imani hiyo isiyokubali nusu ndiyo iliyompa ujasiri katika maisha yake yote. Ndiyo pia iliyomfanya awe mgumu wa kupima uzito wa jambo moja dhidi ya jingine.

Darasani Madeley

Kufikia mwaka wa 1960, Bi. Whitehouse alikuwa mwalimu mwandamizi katika shule ya sekondari ya Madeley, Shropshire. Pamoja na somo la sanaa, alikabidhiwa jukumu la kuwaelimisha wasichana kuhusu masuala ya kijinsia. Mwaka wa 1963 Uingereza ilitikiswa na kashfa ya waziri wa vita, John Profumo, aliyekuwa na uhusiano wa siri na msichana aitwaye Christine Keeler. Habari hizo zilitangazwa kwa kina katika runinga. Wanafunzi wa Madeley walianza kuiga matendo ya chumbani, na walipohojiwa na mwalimu wao, walimweleza kuwa waliyajua kupitia matangazo hayo.

Mwalimu huyu angeweza kuwachapa wanafunzi na kuyafunga mambo hapo. Badala yake aliuliza swali lililokuwa geni wakati ule: je, mwalimu na mzazi wanaofundisha asubuhi watafaulu vipi iwapo kuna mwalimu wa tatu anayefundisha kinyume chao kila jioni, na ambaye hakuna anayeweza kumwita ofisini? Wahenga walituusia tumkunje samaki angali mbichi. Whitehouse aliona kuwa mkono unaomkunja samaki ulikuwa umebadilika. Alisafiri hadi London kwenda kulalamika mbele ya wakuu wa BBC. Mkurugenzi Mkuu hakuonana naye. Alipokewa na afisa mwingine, akarudi nyumbani pasipo na badiliko lolote.

Mkutano wa Birmingham

Januari 1964, akishirikiana na Norah Buckland, mke wa kasisi, alianzisha kampeni ya kuisafisha runinga. Tarehe 5 Mei mwaka huo waliitisha mkutano katika ukumbi wa Town Hall mjini Birmingham. Watu wapatao 2000, wengi wao wanawake, walifika kwa mabasi kutoka pande mbalimbali za nchi. Mwanamke ambaye hakuwa na mazoea ya kuhutubia umati alipanda jukwaani na kushuka akiwa kiongozi wa kitaifa. Aliacha kazi ya ualimu. Waraka wa madai ulisambazwa, ukatiwa sahihi zinazokaribia nusu milioni. Mwaka wa 1965 kampeni hiyo ikageuzwa kuwa chama cha kudumu cha watazamaji na wasikilizaji, kwa jina National Viewers' and Listeners' Association.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Sir Hugh Greene, Mkurugenzi Mkuu wa BBC kati ya mwaka wa 1960 na 1969. Ili kumtendea haki, yapasa tueleze alikotoka. Katika miaka ya 1930, Greene alikuwa mwanahabari mjini Berlin, akashuhudia jinsi utawala wa Hitler ulivyoviziba vinywa vya waandishi na wasanii, hadi alipofukuzwa huko mwaka wa 1939. Kwake yeye, kila mtu aliyetaka kudhibiti kauli za wengine alinuka harufu ile ya Berlin. Whitehouse naye aliiona Madeley. Kila mmoja alikuwa na jeraha la kweli, na hakuna aliyekuwa tayari kulitazama la mwenzake. Greene alikataa katakata kukutana naye, na hata akanunua mchoro wa kumkejeli uliomwonyesha akiwa uchi. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Kadiri BBC ilivyomfungia mlango, ndivyo magazeti yalivyomfungulia kurasa, na wananchi waliohisi kuwa hawasikilizwi wakamwona kuwa sauti yao.

Novemba 1965, mhakiki wa tamthilia Kenneth Tynan alitamka, katika kipindi cha BBC cha usiku kilichokuwa kikitangazwa moja kwa moja, neno linalotaja tendo la ndoa kwa namna ya ukavu kabisa katika Kiingereza. Lilizuka zogo hadi bungeni, ambako wabunge kadhaa waliwasilisha hoja za kulaani. Whitehouse alimwandikia barua Malkia. Hata hivyo, Tynan alikuwa amesema usiku, watoto wakiwa wamelala. Mgogoro ulioigusa jioni yenyewe ulikuwa njiani.

Familia ya Garnett na Neno Bloody

Mwaka wa 1966, BBC ilianza kuonyesha mfululizo wa vichekesho ulioitwa Till Death Us Do Part, ulioandikwa na Johnny Speight. Ulipeperushwa saa moja unusu, wakati familia nyingi zimekaa pamoja sebuleni. Mhusika mkuu, Alf Garnett, aliyeigizwa na Warren Mitchell, alikuwa mfanyakazi wa mashariki mwa London: mkali, mpenda ufalme, mwenye chuki dhidi ya wageni na watu weusi, na mwenye ulimi usio na breki. Neno lake la kila pumzi lilikuwa bloody.

Kwa mwanafunzi wa lugha, neno hili ni mfano mzuri. Kileksika lina maana ya kuwa na damu. Lakini katika mazungumzo ya Alf maana hiyo haimo. Neno limekuwa kikolezo tu, mithili ya pilipili katika mchuzi. Mwaka wa 1914, mhusika mmoja wa tamthilia ya Bernard Shaw, Pygmalion, alilitamka jukwaani mjini London na hadhira ikapigwa na butwaa. Miaka hamsini baadaye lilikuwa la kawaida viwandani na bandarini, ila lilikuwa bado halijazoeleka sebuleni. Whitehouse aliketi mbele ya runinga na kuanza kulihesabu. Katika kipindi kimoja cha nusu saa alidai kuwa lilitamkwa mara 121. Hoja yake haikuwa kwamba neno moja humwangamiza mtoto. Alishikilia kuwa lugha chafu inaporudiwarudiwa huwa kawaida, na inapokuwa kawaida huparuza mahusiano yote ya watu.

Speight alikuwa na hoja nzito pia. Alf aliumbwa ili achekwe. Ilikuwa tashtiti: mwandishi alimpa mbaguzi kinywa kichafu ili jamii ijione katika kioo. Kumwandikia Alf lugha ya kasisi kungekuwa kumsingizia. Hapa ndipo hesabu ya maneno inapokwama, kwa sababu haiwezi kutofautisha neno linalotumiwa na neno linaloonyeshwa ili lihukumiwe. Hata hivyo, Speight naye hakuepuka lawama. Wako watazamaji wengi waliocheka pamoja na Alf badala ya kumcheka, na kioo kikawa bendera yao.

Mwaka wa 1967 mambo mawili yalitokea. Kwanza, Alf alionyeshwa akisoma kitabu cha kwanza cha Whitehouse na kukisifu. Lilikuwa shambulizi la kifasihi lililotungwa kwa werevu, kwani sifa za mtu kama huyo ni tusi tosha. Pili, Speight alipodokeza katika mahojiano ya redioni kuwa wanachama wa Whitehouse walikuwa mafashisti, aliyehesabu matusi alikwenda mahakamani kulalamikia tusi alilotupiwa yeye, akaombwa radhi na kulipwa fidia. Mwaka huohuo BBC ilipata mwenyekiti mpya, Lord Hill, ambaye alikubali kumsikiliza. Mlango ulianza kufunguka.

Jioni Mbili za Mwaka wa 1976

Novemba 1976, sehemu moja ya Doctor Who, kipindi cha kubuni kilichopendwa na watoto jioni ya Jumamosi, iliishia kwa picha ya kichwa cha shujaa kikiwa kimezamishwa majini. Whitehouse alilalamika kuwa mtoto mdogo angekaa na picha hiyo akilini kwa wiki nzima kabla ya kujua kama shujaa alinusurika. Ulikuwa uhakiki makini wa taharuki kama mbinu ya usimulizi, japo hakuuita hivyo. Mkurugenzi Mkuu wa wakati huo, Sir Charles Curran, aliomba radhi, na picha ile ikafupishwa katika ukanda.

Siku chache baadaye, tarehe 1 Desemba 1976, likatokea tukio ambalo Waingereza hawajalisahau. Kituo cha Thames kilikuwa na kipindi cha habari na mazungumzo kilichoitwa Today, kilichorushwa moja kwa moja baada ya saa kumi na mbili jioni katika eneo la London. Mtangazaji Bill Grundy aliwaalika vijana wa bendi ya Sex Pistols. Kijana mmoja alipoponyokwa na neno chafu kwa sauti ya chini, Grundy, badala ya kulipitisha, alimtaka alirudie. Kisha akawachokoza waendelee, nao wakaendelea. Magazeti ya kesho yake yaliwaka moto, naye Grundy akasimamishwa kazi kwa majuma mawili. Tukio hili halikuletwa na Whitehouse, lakini lilithibitisha jambo alilolisema kwa miaka 12: saa ya matangazo ni sehemu ya maana ya neno. Maneno yaleyale, yangalitamkwa usiku wa manane, yasingalivuka kurasa za ndani.

Mahakamani

Pale wakuu wa utangazaji walipomchosha, Whitehouse aligeukia mahakama, na hapo vita vyake vikatoka nje ya runinga. Mwaka wa 1977 alilishtaki jarida la Gay News na mhariri wake, Denis Lemon, kwa kuchapisha shairi la James Kirkup lililomhusisha Yesu na mapenzi ya jinsia moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 50 mtu kutiwa hatiani kwa kosa la kukufuru nchini humo. Lemon alitozwa faini ya pauni 500 na kupewa kifungo cha nje cha miezi tisa. Rufaa iliondoa kifungo hicho, ila hatia ikathibitishwa na majaji wa Baraza la Malodi mwaka wa 1979. Kwa watu wa kundi lililokwisha kutengwa na jamii, kesi hii haikuwa ulinzi wa watoto, ilikuwa rungu.

Mwaka wa 1982 alimfikisha mahakamani Michael Bogdanov, mwelekezi wa tamthilia ya Howard Brenton iitwayo The Romans in Britain, iliyoonyeshwa katika ukumbi wa National Theatre. Whitehouse hakuwahi kuitazama. Shahidi alikuwa wakili wake, ambaye mahakamani ilidhihirika kuwa aliketi nyuma kabisa ya ukumbi. Kesi iliporomoka. Mhakiki ambaye hajaisoma wala kuitazama kazi anayoihukumu hujivunjia hadhi mwenyewe. Kanuni hii inawahusu hata wanafunzi wetu wanaohakiki riwaya kwa kutegemea miongozo.

Mavuno

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kuyafumbia macho mavuno yake. Sheria ya Kulinda Watoto ya mwaka wa 1978, iliyoharamisha picha chafu za watoto, ilipata nguvu kutokana na kampeni zake, wakati ambapo wasomi wengi walilichukulia suala hilo kwa wepesi. Sheria ya kanda za video ya mwaka wa 1984 ilibeba alama zake pia. Mwaka wa 1988 serikali iliunda baraza la viwango vya utangazaji, na sheria ya mwaka wa 1990 ikavileta vituo vya redio na runinga chini ya sheria ya machapisho machafu. Utaratibu wa kuziacha saa za kabla ya saa tatu usiku kuwa za familia, ulioota mizizi tangu miaka ya 1960, haukubuniwa naye. Lakini ni yeye aliyewafanya watangazaji wauogope. Mwaka wa 1980 alitunukiwa nishani ya CBE. Aling'atuka uongozini mwaka wa 1994, na akafariki tarehe 23 Novemba 2001 mjini Colchester, akiwa na umri wa miaka 91.

Upofu wa Hesabu

Tulidokeza mwanzoni kuwa kulikuwa na mambo mawili asiyoyaona. La kwanza ni ubaguzi. Katika kumsikiliza Alf Garnett, kalamu yake ilizihesabu bloody, ilhali kinywa kilekile kilimwaga majina ya kuwadhalilisha watu weusi na wahamiaji. Tafiti za Ofcom, taasisi inayosimamia utangazaji Uingereza, za mwaka wa 2016 na 2021, zilionyesha kuwa watazamaji waliyaona matusi ya rangi na asili kuwa miongoni mwa yasiyovumilika kabisa, huku bloody likihesabiwa kuwa neno jepesi. Orodha ya matusi imepinduka, na lililokuwa chini limekuja juu.

La pili ni chungu zaidi. Mwaka wa 1977, chama chake kilikitunuku tuzo kipindi cha Jim'll Fix It kwa kuwa burudani safi ya familia. Mtangazaji wake, Jimmy Savile, alitumia lugha ya upole na kuwatimizia watoto ndoto zao. Mwaka wa 2012, Savile akiwa amekwisha kufa, ilibainika kuwa kwa miongo mingi aliwadhulumu kingono watoto na vijana wengi, wengine katika majengo ya BBC yenyewe. Whitehouse hakuwa peke yake katika kudanganyika. Lakini kisa hiki kinaonyesha kasoro ya kipimo chake. Ulimi wa Savile ulikuwa safi. Mtu angeuhesabu jioni nzima asipate neno moja la kufutwa.

Hitimisho

Maisha ya Mary Whitehouse yanatuhusu sisi wa Kenya kwa sababu ya saa. Kanuni za vipindi zilizotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya katika muongo wa 2010 zilitenga muda wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa wa vipindi vinavyofaa familia nzima. Wazo hilo la kuigawa siku kwa mujibu wa anayesikiliza ndilo alilolipigania, na wengi waliomcheka wamelikubali kimyakimya. Kwa wapenzi wa Kiswahili, si wazo geni. Tafsida zetu zimejengwa juu ya msingi uo huo: mwenye adabu hutazama kwanza nani aliyepo, ndipo achague neno.

Kuyafuta maneno ni jambo jingine. Tusi la jana huwa mzaha wa leo, na mzaha wa jana huwa tusi la leo. Mkaguzi anayeshika orodha ya maneno hubaki akilinda mlango ambao wezi waliacha kuutumia. Jukumu la mwanafunzi wa Kiswahili, awe mtangazaji, mwalimu au mhariri, ni kuuliza kila mara: nani anasema, anamwambia nani, kwa nia gani, na nani anayeumia? Whitehouse aliuliza swali la saa kwa ushujaa mkubwa. Hili la nani anayeumia aliliuliza nusu, na nusu iliyobaki ametuachia sisi.